Shoo ya kijijini siyo shoo ya daraja la pili

Kuna hii dhana kwamba msanii akipeleka shoo kijijini basi ameshindwa mjini, au kaja na kitu kilichorahisishwa maana eti wanakijiji hawataelewa. Hapana jamani. Mwaka 1940, vita ya pili ya dunia imepamba moto, Sybil Thorndike na mumewe Lewis Casson, mastaa wakubwa kabisa wa jukwaa Uingereza, walizunguka vijiji vya wachimba makaa ya mawe huko Wales wakiigiza Macbeth ya Shakespeare, na wachimba migodi walijaa kuiangalia.

Na siyo msaada wa bure pia. Uingereza mpaka leo zipo taasisi zinazoandaa orodha ya shoo, halafu watu wa kijiji wenyewe, tena wa kujitolea, wanachagua wanayoitaka, wanauza tiketi, wanapanga viti kwenye ukumbi wa kijiji. Msanii analipwa kiwango mlichokubaliana hata viti visipojaa, kwa sababu taasisi inafidia pengo kwa ruzuku. Hapo ndo siri ilipo, bila hiyo fidia hakuna kijiji kingethubutu.

Kinachopunguzwa ni vifaa tu, taa na spika ziingie kwenye gari moja, zifungwe ndani ya saa chache, zitumie umeme wa kawaida wa ukumbini. Uigizaji wenyewe haupunguzwi, na kwa kweli naona unakuwa mgumu zaidi, mtazamaji yuko hatua mbili tu kutoka kwako anaona mpaka jasho, utadanganya wapi?