Kura 200 kwa 117: Namna Theresa May Alivyoshinda Chamani na Kukwama Bungeni

Katika mihadhara yetu ya wazi kuhusu mifumo ya mabunge, swali moja kuhusu Uingereza hurudi kila mara. Ilikuwaje Theresa May, aliyekuwa Waziri Mkuu, akashinda kura ya imani ya chama chake mwezi Desemba 2018 kwa kura 200 dhidi ya 117, akapata kwa mujibu wa kanuni kinga ya miezi 12 dhidi ya kura nyingine kama hiyo, na bado akatangaza kujiuzulu kabla miezi 6 haijatimia? Jibu letu ni kwamba wabunge wa chama chake waliulizwa kama wanataka kumwondoa, ilhali lililokuwa likiikwamisha serikali ni kama Bunge zima lingekubali mkataba wake wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Hizo ni hesabu mbili, zenye wapiga kura tofauti, na aliyeshinda ya kwanza hakuwa amesogea hata hatua moja kuelekea ya pili.

Mambo yalianza na kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, ambapo asilimia 51.9 ya waliopiga kura walichagua Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya na asilimia 48.1 walitaka ibaki. David Cameron, Waziri Mkuu wa wakati huo aliyeitisha kura hiyo akiamini kwamba upande wa kubaki ungeshinda, alitangaza kujiuzulu asubuhi iliyofuata, na Julai May akashika uwaziri mkuu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameunga mkono kubaki. Tarehe 29 Machi 2017 serikali yake iliupelekea Umoja wa Ulaya taarifa rasmi ya kuondoka, na kuanzia siku hiyo saa ikaanza kuhesabu miaka 2. Kisha akaitisha uchaguzi mkuu wa mapema wa Juni 2017 kwa matumaini ya kuongeza viti, akavipoteza: chama chake cha Conservative kilitoka na viti 317 katika Bunge la Makabwela lenye wabunge 650. Ili aweze kutawala ilimbidi ategemee wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland Kaskazini. Kwa maoni yetu, mwisho wa May ulianza kuandikwa katika uchaguzi huo, mwaka mmoja na nusu kabla ya barua za wabunge wasio na imani naye, zilizokuja kuzungumzwa sana.

Mkataba wenyewe, wenye kurasa 585, ulichapishwa tarehe 14 Novemba 2018. Sehemu iliyoleta vurugu ilihusu mpaka wa Ireland. Baada ya Uingereza kuondoka, mpaka kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland ungekuwa mpaka wa nje wa Umoja wa Ulaya, na pande zote zilikuwa zimeahidi kwamba vituo vya ukaguzi havitarudishwa pale, kwa kuheshimu makubaliano ya amani ya mwaka 1998 yaliyomaliza miongo mitatu ya umwagaji damu. Ndipo kikawekwa kipengele cha dharura: iwapo mazungumzo ya biashara yasingeleta njia nyingine, Uingereza yote ingebaki katika eneo moja la forodha na Umoja wa Ulaya, na Ireland Kaskazini ingefuata kanuni nyingi zaidi za soko la pamoja kuliko sehemu nyingine za nchi. Uingereza isingeweza kujitoa katika mpango huo kwa uamuzi wake peke yake. Wanachama wa Conservative waliotaka kukata uhusiano kabisa waliuona kuwa mtego usio na mlango wa kutokea, na DUP wakaona kwamba Ireland Kaskazini inatengwa na nchi yake. Tarehe 15 Novemba Dominic Raab, waziri aliyekuwa akisimamia mazungumzo hayo, alijiuzulu.

Siku hiyohiyo mbunge Jacob Rees-Mogg aliwasilisha barua ya kutokuwa na imani na May, na hapa inafaa tueleze utaratibu wenyewe. Wabunge wa Conservative wasio na nyadhifa serikalini wana chombo chao kinachoitwa Kamati ya 1922. (Kamati hiyo kwa kweli iliundwa mwaka 1923, jina limetokana na uchaguzi wa 1922, ambao waanzilishi wake waliingia nao bungeni.) Kwa kanuni zilizowekwa mwaka 1998 wakati William Hague akiongoza chama, na zilizokuwa zikitumika wakati wa May, mbunge asiye na imani na kiongozi alimwandikia barua mwenyekiti wa Kamati. Barua zikifikia asilimia 15 ya wabunge wa chama, mwenyekiti alilazimika kuitisha kura ya siri ya wabunge wote wa chama. Kiongozi alihitaji wingi wa kawaida tu. Akishindwa, asingeruhusiwa kugombea katika mchuano wa kumtafuta mrithi. Akishinda, asingeweza kupingwa tena kwa njia hiyo kwa miezi 12. Mwaka 2018 asilimia 15 ilikuwa barua 48.

Idadi ya barua aliijua mwenyekiti peke yake, wakati huo Sir Graham Brady, na barua iliweza kuondolewa na aliyeiandika bila mtu kujua. Usiri huo ulikuwa na faida kwa mbunge mwoga, ila ulikuwa na hatari kwa waliopanga njama, kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba wenzake waliokula kiapo cha kuandika barua wameziandika kweli. Katikati ya Novemba kundi la Rees-Mogg lilitoa ishara kwamba idadi iko karibu kutimia. Siku zikapita, haikutimia, na waandishi wa habari wakaanza kuwakejeli. Kilichobadilisha hali ni uamuzi wa May mwenyewe: tarehe 10 Desemba, siku moja kabla ya Bunge kupigia kura mkataba, aliahirisha kura hiyo akikiri kwamba angeshindwa kwa tofauti kubwa. Wabunge waliokuwa wakisubiri kumpinga ndani ya ukumbi walikosa fursa hiyo, na baadhi yao wakachukua kalamu.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Desemba, Brady alitangaza kwamba barua zimevuka idadi inayotakiwa na kwamba kura itapigwa jioni ileile. Kuharakisha kulimfaa May, kwa sababu wapinzani wake hawakuwa na mgombea mmoja wala muda wa kumpata. Alisimama mbele ya mlango wa ofisi yake, namba 10 Downing Street, akasema atapambana kwa nguvu zake zote, na akaonya kwamba mchuano wa uongozi ungechelewesha au hata kuzuia kabisa kuondoka katika Umoja wa Ulaya. Alifuta safari yake ya Dublin. Adhuhuri alijibu maswali ya Bunge kama ilivyo kila Jumatano. Kabla ya kura kuanza alizungumza na wabunge wake faraghani na kuwaambia kwamba hatakiongoza chama katika uchaguzi mkuu uliopangwa kufanyika mwaka 2022. Kisha, kati ya saa 12 na saa 2 usiku, wabunge wote 317 walipita mmoja mmoja katika chumba cha kamati namba 14 na kutumbukiza karatasi zao. Matokeo yalisomwa karibu saa 3: 200 wana imani naye, 117 hawana.

Kwa asilimia, May alipata 63. Kabla ya kuziita ushindi mnono, ni vyema kukumbuka nani walikuwa wapiga kura. Zaidi ya wabunge 100 kati ya hao 317 walikuwa mawaziri, manaibu wao au wasaidizi, yaani watu ambao vyeo vyao vilitokana na yeye. Rees-Mogg alidai usiku uleule kwamba wengi wa wabunge wasio na vyeo wamemkataa kiongozi wao. Dai hilo halithibitiki, kwa kuwa kura ilikuwa ya siri na waziri anaweza kusema hili hadharani na kutenda lile chumbani, lakini hesabu haiko mbali na ukweli.

Historia ya chama hicho nayo haiwafariji washindi wa namna hii. Mwaka 1990 Margaret Thatcher, chini ya kanuni za zamani, alimshinda Michael Heseltine kwa kura 204 dhidi ya 152. Alipungukiwa na kura 4 tu za kukwepa duru ya pili, na baada ya siku 2 akatangaza kung'atuka. Iain Duncan Smith, wakati chama kikiwa upinzani mwaka 2003, alishindwa moja kwa moja kwa 90 dhidi ya 75. Boris Johnson alishinda tarehe 6 Juni 2022 kwa 211 dhidi ya 148, na mwezi mmoja baadaye mawaziri wake walijiuzulu kwa makumi hadi akakubali kuondoka. Kinga ya miezi 12 ilimlinda kiongozi dhidi ya barua tu. Haikuwalazimisha wabunge kumfuata wala mawaziri kubaki.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba Katiba yetu, katika ibara ya 53A, inaliruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na kwamba hoja hiyo inahitaji sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20. Tunautaja mfano huu kwa sababu wengi huchanganya kura ya aina hiyo na ile ya Desemba 2018. Utaratibu wa Tanzania ni wa kikatiba na ni wa Bunge zima, na sahihi zake zinajulikana ni za nani. Utaratibu wa Kamati ya 1922 ni kanuni ya ndani ya chama, wapinzani hawana nafasi ndani yake, na matokeo yake yanaamua nani anaongoza chama. Kama May angeshindwa angeendelea kuwa Waziri Mkuu hadi mrithi apatikane, na serikali isingevunjika.

Uingereza pia inayo kura ya Bunge zima, na mwezi uliofuata ule wa Desemba ilionekana kwa ukaribu. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba wa May hatimaye ulifikishwa bungeni na ukakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Hakuna serikali ya Uingereza katika enzi hizi iliyokuwa imeshindwa kwa tofauti kama hiyo ya kura 230. Wabunge 118 wa chama chake walikuwa miongoni mwa waliomkatalia. Namba hiyo inakaribiana mno na 117 ya Desemba, na wengi walidhani ni watu walewale. Si lazima iwe hivyo: kati ya hao 118 walikuwemo wabunge kama Dominic Grieve na Justine Greening, waliotaka wananchi waulizwe upya na ambao hawakuwa na sababu ya kutamani kiongozi mwenye msimamo mkali zaidi wa kujitoa. May alikuwa akivutwa na kambi mbili zisizopatana, na kila alipoielekea moja alipoteza kura upande wa pili.

Siku iliyofuata kiongozi wa upinzani, Jeremy Corbyn wa chama cha Labour, alileta hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Ilishindwa kwa 325 dhidi ya 306. Wabunge wa Conservative waliomkataa May chamani na waliokataa mkataba wake usiku uliotangulia walirudi mstarini, kwa sababu sasa kilichokuwa mezani kilikuwa uwezekano wa uchaguzi mkuu na Corbyn kuingia madarakani. DUP nao walifanya vivyo hivyo. Wabunge wao 10 wangehamia upande wa pili, matokeo yangekuwa 315 kwa 316. Kwa hiyo ndani ya saa 24 wabunge walewale 10 waliukataa mkataba wa May na kumwachia kiti chake. Katika hali hiyo kiongozi anaweza kukaa muda mrefu bila kutawala, na ndivyo ilivyokuwa.

Mkataba ulikataliwa tena tarehe 12 Machi kwa 391 dhidi ya 242, na mara ya tatu tarehe 29 Machi kwa 344 dhidi ya 286, ingawa siku 2 kabla yake May aliwaahidi wabunge wake kwamba wakiupitisha ataondoka. Tarehe ya kutoka ikasogezwa, kwanza hadi Aprili na baadaye hadi 31 Oktoba, hivyo nchi ikalazimika kushiriki uchaguzi wa Bunge la Ulaya la umoja iliokuwa ikijitayarisha kuukimbia. Conservative walipata viti 4 kati ya 73. Chama kipya cha Nigel Farage, mpiganiaji wa kujitoa, kikapata 29. Viongozi wa Kamati ya 1922 walikuwa tayari wanajadili kubadili kanuni ili kinga ya miezi 12 iondolewe. Tarehe 24 Mei May alitangaza kwamba ataacha uongozi wa chama tarehe 7 Juni.

Julai wanachama wa Conservative walimchagua Boris Johnson kwa kura 92,153 dhidi ya 46,656 za Jeremy Hunt. Alikirekebisha kipengele cha Ireland kwa kukubali jambo ambalo May alilikataa, yaani ukaguzi wa bidhaa kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, na DUP wakamgeuka. Bunge lilikuwa lilelile. Aliwafukuza katika kundi la wabunge wa chama wenzake 21 waliompinga, na hesabu zake zikazidi kuwa mbaya. Tarehe 22 Oktoba muswada wake ulikubaliwa kimsingi kwa 329 dhidi ya 299, kisha dakika chache baadaye ratiba ya kuujadili ikakataliwa kwa 322 dhidi ya 308. Ilibidi uchaguzi mkuu ufanyike, tarehe 12 Desemba 2019, na Conservative wakapata viti 365. Siku 8 baadaye Bunge jipya lilipitisha muswada huo katika hatua yake ya kwanza ya kupigiwa kura, kwa 358 dhidi ya 234, bila serikali kumhitaji mbunge hata mmoja wa DUP.