Shaka Inapobadili Swali

Wengi wa watu wa makamo wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha hapa Dar es Salaam huanza kwa kusema kwamba wamechoka, kisha huomba radhi kwa kuchoka. Mama mmoja mhasibu mwenye miaka 47, ambaye nimebadilisha baadhi ya maelezo yake ili asitambulike, alikuja na daftari lenye safu mbili. Katika safu ya kushoto alikuwa ameorodhesha ada za watoto, marejesho ya mkopo wa SACCOS, michango ya harusi tatu na dawa za presha za mama yake mzazi. Safu ya kulia ilikuwa na kichwa "Mimi", na chini yake neno moja tu, "shahada", lililokatwa kwa kalamu kisha likaandikwa upya.

"Dada, vijana wapya ofisini wananipita," aliniambia. "Labda nikasome tena."

Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walieleza hali ya mtu mwenye mafanikio kujiona kama tapeli atakayefichuliwa siku moja. Shaka hiyo huuliza, "Je, ninaweza kweli?" Nilipomhoji mhasibu huyu kwa utulivu, hata hivyo, hakuwa na wasiwasi juu ya uwezo wake, alikuwa amefunga hesabu za mwaka zaidi ya mara 20, na alijua kwamba vijana wale humfuata yeye hesabu zinapokataa kulingana. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa swali jingine, yaani kama kazi anayoiweza vizuri namna ile inastahili kupewa miaka yake iliyobaki. Swali hilo huja limevaa nguo za lile la zamani, ndiyo maana wengi hulitibu kwa dawa ya zamani, wakaongeza cheti juu ya cheti na uchovu usipungue.

Maelezo yanayonisaidia zaidi ni ya mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Anasema kwamba mtu anayeona muda wake kuwa mrefu hukusanya maarifa na kupanua mtandao wa watu, ilhali anayeuona umefupika huchagua wachache na machache yenye uzito moyoni. Kinachoamua hapa ni namna mtu anavyouona muda uliobaki kuliko idadi ya miaka yake, na ndiyo sababu msiba wa rafiki wa rika lako unaweza kupangua vipaumbele vyako kwa wiki moja. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania muda huo hata una namba, kwa kuwa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Mteja wangu alikuwa ameshapiga hesabu ya miaka iliyobaki hadi 60: 13.

Neno "mgogoro wa umri wa kati", lililoanzishwa na mwanasaikolojia Elliott Jaques mwaka 1965, silipendi sana, kwa sababu wengi ninaowaona hawana mgogoro wowote. Wanapanga upya tu, wakinung'unika. (Nami nilinung'unika wiki nzima nilipoandikiwa miwani ya kusomea.) Lakini shaka ikiandamana na kukosa usingizi kwa majuma, kukata tamaa au kupoteza hamu ya kila kitu, nampeleka mtu kwa daktari kwanza, kwani sonona, matatizo ya tezi la shingo na mabadiliko ya ukomo wa hedhi huweza kujificha humo humo.

Mhasibu alirudi baada ya mwezi mmoja. Dawa za presha zilikuwa bado katika safu ya kushoto, lakini katika ile ya kulia alikuwa ameandika, "Jumamosi asubuhi, kwa mama, bila simu." Nilipomuuliza kuhusu shahada alicheka, akasema hajaamua, na safari hii neno lilikuwa halijakatwa.