Petisheni si kupiga magoti

Juzi, kwenye feri ya Kamanga, Mwanza, kijana mmoja alikuwa akipitisha karatasi ya saini ya kulitaka Bunge liruhusu mgombea binafsi, yaani asiye na chama. Mwenzake akairudisha: "Hiyo petisheni ni kuombaomba tu. Haki haiombwi." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno.

Petisheni ni andiko lenye saini za watu, linalopelekwa kwenye chombo chenye mamlaka ili kifanye jambo lililo ndani ya uwezo wake. Likienda bungeni, huwa ni kutunga sheria, kuirekebisha au kuifuta. Haililazimishi Bunge kukubali. Nayo si ile kesi ya kupinga matokeo ya uchaguzi, ingawa wanasheria nayo huiita petisheni.

Balaa lilianza tulipolifasiri neno hili kuwa "ombi". Kwetu anaomba mwenye njaa, anaomba muumini, anaomba mkosaji msamaha. Wasukuma nao wana kulomba, na uzito ni uleule. Lakini petisheni inatokana na neno la Kilatini petere, ambalo maana yake ilikuwa kuelekea mahali, kukiendea kitu, kukidai; hata askari akimwendea adui ilisemwa hivyohivyo. Mzizi huo ndio uliozaa neno la Kiingereza la kushindana, compete. Sioni magoti hapo.

Mwaka 1952 Wameru wa Arusha, baada ya serikali ya kikoloni kuwaondoa kwa nguvu Engare Nanyuki, walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, Umoja wa Mataifa, na petisheni yao. Hakwenda kuomba kiwanja. Alikwenda kuueleza ulimwengu kwamba ardhi ile ni yao.

Na kwa Bunge letu jambo hili liko wazi zaidi, maana Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mwenye mali akimwandikia aliyemkabidhi mali hiyo, tusiite kuombaomba.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kamanga, ulisema kweli: haki haiombwi. Ila karatasi ile ikikupitia tena, soma kwanza mstari wa juu. Ukikuta "tunaomba turuhusiwe", kata. Andika "tunalitaka Bunge litambue haki yetu ya kugombea bila chama", halafu tia saini yako.