Utajiri wa Japani ulianzia kwenye majaruba ya mpunga

Muulize mtu yeyote Japani ilitajirikaje baada ya Vita vya Pili vya Dunia, atakutajia Toyota, Sony na nidhamu. Nafundisha historia ya uchumi, na hilo la nidhamu nimelisikia mpaka limenichosha. Nidhamu gani? Mwaka 1950 Toyota yenyewe ilikuwa hoi kwa madeni, wafanyakazi wakagoma kupinga kupunguzwa, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikalipuka, jeshi la Marekani likaagiza malori, kampuni ikapona. Mwaka 1960 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Miike, kule Kyushu, waligoma kwa miezi kadhaa. Wote hao ni Wajapani.

Mimi nikiisimulia habari hii naanzia shambani.

Kabla ya vita, karibu nusu ya ardhi ya kilimo Japani ililimwa na watu wasioimiliki. Mpangaji alilima mpunga, akivuna anampelekea kabaila wake kodi ya mazao, mara nyingi karibu nusu ya mavuno. Mwaka 1946, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Marekani chini ya Jenerali Douglas MacArthur, bunge lilipitisha sheria ya kugawa ardhi upya. Mwenye mashamba anayeishi mbali na kijiji alilazimika kuiuzia serikali ardhi yote aliyopangisha. Anayeishi hapo hapo aliachiwa kama hekta 1 tu ya kupangisha, au 4 kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Serikali nayo ikawauzia wale wale waliokuwa wakiilima.

Siri ya sheria hii ilikuwa kwenye bei. Ilipangwa mara moja, ikaachwa palepale, huku mfumuko wa bei wa miaka ile ukiila yeni kama mchwa. Mpangaji alilipa deni lake kwa fedha iliyokwisha nguvu, na kabaila akabaki na hati fungani za serikali zisizomnunulia kitu. Kwa maneno mengine, ardhi ilitaifishwa kwa jina la kununuliwa. Na hawakutumwa maofisa kutoka Tokyo kuja kupima kila jaruba: kila kijiji kilichagua kamati ya watu 10, yaani wapangaji 5, wenye mashamba 3 na wakulima 2 wanaolima chao wenyewe. Hesabu hiyo peke yake inakuonyesha kura ilielemea wapi. Kufikia 1950, ardhi ya kupangishwa ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 10.

Mkulima anayebaki na mavuno yake hununua mbolea. Mwaka unaofuata hununua pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono. Halafu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mashine ya kufulia, jokofu na televisheni, vitu vitatu ambavyo kila nyumba ya Kijapani ilivitamani. Tumezoea kudhani Japani iliinuka kwa kuuza nje tu, lakini sehemu kubwa ya bidhaa za viwanda vyake ilinunuliwa na Wajapani wenyewe. Serikali nayo ilinunua mchele kwa bei nono, kwa sababu chama tawala cha Liberal Democratic, kilichoundwa 1955, kilitegemea kura za vijijini. Siasa tupu, lakini fedha ilifika mashambani.

Ila pawatila ikiingia, mikono inabaki bila kazi, na mjini viwanda vinaililia.

Hapo ndipo zilipokuja treni. Kuanzia 1954, kila majira ya kuchipua shule zinapofunga mwaka, treni maalumu zilibeba vijana waliomaliza masomo ya lazima, wenye umri wa miaka 15, kutoka Aomori na mikoa mingine ya kaskazini hadi kituo cha Ueno, Tokyo. Mwalimu alikwisha kuwatafutia kazi kupitia ofisi ya ajira. Waajiri walikuja kuwapokea stesheni na kuwagawana. Magazeti yaliwaita mayai ya dhahabu, na sifa hiyo ilitoka kwa waajiri, maana kijana wa miaka 15 ni rahisi kumlipa. Wengi hawakwenda kwenye makampuni makubwa yenye ajira ya maisha, ile inayosifiwa vitabuni. Hiyo iliwagusa wachache. Walikwenda kwenye karakana za uani, maduka ya mboga, viwanda vya nguo, wakilala kwa tajiri. Wengi waliacha kazi mapema.

Desemba 1960 Waziri Mkuu Hayato Ikeda alitangaza mpango wa kuongeza pato la taifa maradufu kwa miaka 10. Ilichukua kama miaka 7. Katika miaka hiyo baba wa vijana hao naye aliondoka: mavuno yakiisha, wanaume wa kaskazini walikwenda kujenga barabara na viwanja vya Olimpiki ya 1964, wakirudi kupanda mpunga. Shamba likabaki kwa babu, bibi na mama. Na pale ambapo kiwanda kilikifuata kijiji, mambo hayakuwa afadhali. Minamata, bandari ya wavuvi, ugonjwa wa zebaki ulitangazwa rasmi 1956, lakini kampuni ya kemikali ya Chisso iliendelea kumwaga taka zake zenye zebaki baharini hadi 1968. Mwaka huo huo Japani iliipita Ujerumani Magharibi na kuwa ya pili kwa uchumi katika nchi za kibepari.

Treni za Ueno zilikoma 1975. Kufikia wakati huo zaidi ya asilimia 90 ya vijana walikuwa wakiendelea na sekondari ya juu, na mayai yakawa yamekwisha.

Mashamba yale yaliyogawiwa kwa sheria ya 1946 hayakuunganika. Sheria ya ardhi ya 1952 ilizuia watu kuyakusanya, kabaila asije akarudi, na kwa muda mrefu shamba la kawaida likabaki kama hekta 1. Wajukuu wako Tokyo na Osaka, wengine hawajui mpaka wa jaruba la babu uko wapi, na hati nyingi bado zina jina la marehemu. Tangu Aprili 2024 anayerithi ardhi analazimika kuiandikisha kwa jina lake ndani ya miaka 3, la sivyo anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 100,000.