Anayeimba chati bado hajasoma

Nilikaa nyuma ya darasa la pili lenye watoto themanini na kitu. Mwalimu ananyoosha kijiti kwenye chati, darasa linaitikia: ma, me, mi, mo, mu! Bati karibu ling'oke. Pembeni yangu kijana mmoja anaitikia kuliko wote, macho yake yako dirishani kwa mbuzi anayekula ua wa shule. Hakukosea hata silabi moja.

Mapumziko nikamwita chini ya mwembe, nikampa kadi moja tu: mo. Akaitazama. Midomo ikaanza kucheza bila sauti, ma, me, mi, kisha akapasua: "Mo!" Nikampa su. Midomo ikacheza tena, sa, se, si, so. Safu ya m na ya s anazijua, ila ili afike kwenye silabi lazima apande ngazi kuanzia chini. Huko ni kuhesabu.

Watu husema Kiswahili kinajisoma chenyewe: irabu tano, kila moja na sauti yake, unatamka unachokiona. Ni kweli, na ndiyo maana mtoto anayekwama anachelewa kugundulika. Kuitikia pamoja kunamficha vizuri sana.

Kwa hiyo mimi naanza kwa kusikiliza mmoja mmoja. Dakika 2 kwa mtoto, wengine wakiwa wanaandika. Ukisikiliza 8 kwa siku, siku 10 za masomo zinatosha watoto 80. Utapata mafungu manne. Wapo wasiojua herufi. Wapo wanaozijua ila hawaunganishi. Wapo wanaosoma silabi lakini neno refu linawaponyoka. Na wapo wanaosoma mpaka nukta, ukiuliza nani kafanya nini, kimya. Kuwapanga watoto kwa wanachoweza badala ya darasa walilomo ndiko Pratham, shirika la elimu la India, ilikojengea kazi yake, na hata bila mradi wowote unaweza kuanza kesho.

Fungu la pili mara nyingi limeharibiwa na majina ya herufi. Nyumbani wamefundishwa a, be, che, de, hivyo b na a kwao ni "bea". Mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015, ule wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ulitutaka tuanze na sauti, na kwa hili naukubali bila ubishi. Anza na zinazovutika: mmmmaaa, sssaaa. B na k huwezi kuzivuta, ziache nyuma kidogo.

Fungu la tatu ndilo linaloninyima usingizi, maana kwenye fomu linaandikwa "anasoma". Mpe "walipotuona". Wa-li-po-tu-o-na. Akifika na, wa imeshasahaulika, anabahatisha neno lolote linaloanza na w. Kumwambia "rudia" ni kumrudisha kwenye shimo lile lile.

Mimi nakata boksi la sabuni vipande. Kwenye virefu naandika mashina: soma, cheza, pika, lima. Kwenye vifupi: ana, wana, wali, tuta. Tunaanza na shina peke yake, soma. Naweka wana mbele: wanasoma. Naondoa, naweka wali: walisoma. Mtoto anaona kwamba mkia haujabadilika, kazi iko mbele tu. Baada ya wiki mbili hivi wengi hawasemi tena wa... na...; jicho linadaka wana kwa mkupuo mmoja. (Tuta ilinisumbua. Binti mmoja alikataa katakata kwamba ni kipande: "Mwalimu, hilo ni tuta la viazi!" Alikuwa sahihi, nikampongeza, tukaendelea kuunda tutalima.)

Angalizo kwa tulio Kanda ya Ziwa: Msukuma mdogo akiona "kura" akasema "kula", usikimbilie kumkata alama. Muulize maana. Akikwambia ni ile ya kuchagua kiongozi, amesoma. Ulimi wa nyumbani ndio uliojitokeza. Lakini anayesoma "ng'ombe" kama "ngombe" kisha akashindwa kukwambia ni mnyama gani, huyo bado.

Na macho! Muhula mzima nilimhesabu binti mmoja mzembe, kumbe ubao hauoni. Nilimsogeza dawati la mbele, akaanza kunakili siku ile ile. Kosa langu kabisa. Siku hizi, kabla ya ufundishaji rekebishi wowote, yaani wa kumsaidia aliyebaki nyuma, namsimamisha mtoto dawati la nyuma na kumwuliza ubaoni kuna nini. Kiboko sikigusi: mtoto aliyechapwa kwa kutosoma nimeona anachojifunza, anakariri kwa bidii zaidi.

Yule kijana wa mbuzi nilimrudia baada ya wiki tano. Mwalimu wake alikuwa anamkalisha na wenzake sita kila siku, dakika 20 kabla ya uji, na boksi lao la vipande. Nilichomeka kipande changu humo bila kusema: mbuzi. Akakichukua, akakiweka baada ya wana, akasoma bila midomo kutangulia: "Wanambuzi." Akanitazama, akatazama tena vipande.

"Mwalimu," akasema, "hili si neno."