Xunzi hakumkatia binadamu tamaa
Wengi husimulia kwamba, kati ya wanafalsafa hawa wawili wa China ya kale, Mencius alimwamini binadamu, Xunzi akamwona hafai. Hiyo nusu ya pili ni uzushi. Kweli Xunzi, aliyeishi China katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alifundisha kuwa maumbile yetu ni mabaya. Lakini alimaanisha kwamba tukifuata tamaa tu tutaishia kunyang'anyana, si kwamba tunazaliwa tukiupenda uovu. Wema kwake hutengenezwa: walimu, taratibu za heshima, mazoezi ya muda mrefu, kama mti uliopinda unavyofukizwa mvuke na kubanwa mpaka unyooke. Tena ndiye aliyeshikilia kuwa hata mpita njia anaweza kuwa mwenye hekima kama mfalme Yu! Mencius naye hakudai tunazaliwa tumekamilika. Alitaja machipukizi ya wema, yanayohitaji kutunzwa.