Mnazi Mmoja Paliachwa Wazi kwa Makusudi

Anayetoka Kariakoo kwa miguu kwenda Posta hukatiza Mnazi Mmoja bila kuwaza lolote: miti, upepo, watu wamejipumzisha kivulini. Kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi na wageni historia ya Dar es Salaam, na swali ninaloanza nalo kila mara ni hili: mbona katika jiji ambalo kila kipande cha ardhi kinagombewa, pale pana uwanja?

Wakoloni ndio waliopaacha. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kanda tatu: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja palitenganisha Uhindini na Kariakoo, kwa kisingizio cha kuzuia magonjwa yasivuke. Linaloniuma zaidi ni kwamba kanuni za ujenzi hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba tu: kanda hii majengo ya Kizungu, ile nyumba za udongo na makuti. Mishahara nayo ilifuata rangi, basi kila mmoja akajikuta palepale alipokusudiwa. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: majina tunayatamka mpaka leo.

Siku moja ya Jumamosi wachukue watoto muitembee njia hiyo. Anzieni sokoni Kariakoo, vukeni uwanja, pitieni Uhindini mkatokee Ocean Road, kwenye hospitali ambayo Wajerumani waliijengea Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Leo hutibiwa hapo wagonjwa wa saratani kutoka kila mkoa. Mtoto aliyeitembea njia ile kwa miguu yake haisahau upesi.

Nyumbani, kaa na babu au bibi mwenye miaka 80 umuulize alisoma wapi. Kabla ya uhuru shule zilikuwa za Waafrika, za Waasia na za Wazungu, kila moja na bajeti yake. Muulize pia kama wazazi wake walizungumzia kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, nusura ukipasue chama kwa suala hilo, hadi Mwalimu Nyerere alipowashawishi wenzake washiriki. Kati ya walioingia kwa kuungwa mkono na TANU alikuwamo Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha. Na mwaka 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere alikataa katakata.

Nalikumbusha hilo kwa sababu bado namsikia Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, kizazi cha nne Upanga, akiulizwa kwao ni wapi. Namsikia pia dalali akimwambia kijana mwenye kodi mkononi, "Mwenye nyumba anataka Mhindi." Yote mawili ni ubaguzi, na wewe uliyesimama pembeni unaweza kusema hapohapo kwamba si haki. Sema kwa upole, lakini sema.

Tuangalie na midomo yetu. Tunamsifia mtoto mchanga kwa weupe, kisha tunashangaa binti akitafuta mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo. Mtu mwenye ualbino naye aitwe kwa jina lake, si kwa majina ya mtaani.

Ubaguzi ukikufika kazini, usiumezee. Katiba, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila au alikotoka, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri hivyohivyo. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Usifute ujumbe kwenye simu. Mgogoro wa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko dhidi ya mamlaka za umma hupokelewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Usikawie kwenda, maana madai ya kazi yana muda wake wa kufunguliwa.